Mrejesho: kovu la nyonga, miezi minane baadaye

Wakuu, niliwauliza nikibadilishiwa nyonga nipasuliwe kwa mkato wa wima mbele ya paja au wa mshazari kwenye mkunjo wa kinena. Nilichagua mshazari. Daktari alinieleza kuwa mkato unaofuata mikunjo ya ngozi hauvutwi sana, hivyo kovu huelekea kuwa jembamba; wa wima hukatiza mikunjo na kovu laweza kutanuka.

Langu sasa ni uzi tu, jeusi kidogo, nguo ya ndani inalifunika. Ila ganzi jamani! Paja kwa nje bado halihisi vizuri, kwani mshipa wa fahamu wa ngozi unapita jirani. Kutembea natembea vizuri, na ndani kiungo ni kilekile, mkato wowote ule.