Naomba ushauri: Mlima Kenya kupitia Chogoria, siku nne au tano?

Hamjambo ndugu zangu. Januari, mvua zikishapungua, mimi na rafiki zangu watatu tunataka kupanda Mlima Kenya hadi Point Lenana, mita 4,985. Tutaingilia Chogoria na kushukia Sirimon, tukilala kwenye mahema na mizigo tukibeba wenyewe.

Kinachonikosesha usingizi ni mwinuko. Mwenzetu mmoja, kila akilala juu ya mita 4,000, kichwa humgonga, chakula hakipiti, na usiku hushtuka akitafuta pumzi. Wenzangu wanataka siku nne: Ziwa Ellis, kisha kambi ya Mintos, kileleni alfajiri, kambi ya Shipton's, halafu nyumbani. Mimi naona tuongeze usiku wa pili pale Ziwa Ellis, mita kama 3,500. Mchana tupande juu kidogo, jioni turudi kulala chini. Wao wanasema siku ya ziada ni chakula zaidi na ada zaidi ya hifadhi. Ni kweli, ila afya yake kwangu inatangulia.

Mliopitia njia hiyo, je, usiku huo mmoja ulileta tofauti? Dawa za mwinuko tutamuuliza daktari. Mpagazi wa kumbebea begi lake tu anapatikana langoni, au tumtafute mapema Chogoria mjini? Na jiko la gesi: kwa ile baridi ya Mintos saa tisa usiku, linawaka sawasawa, au mtungi mnalala nao ndani ya begi la kulalia?