Ukoo wa Mwinyi Mkuu: vipi ulikoma bila ya vita?

Mwalimu wa Chwaka
Assalaam alaykum ndugu zangu. Wanafunzi wangu wanataka kujua wenyewe wa kasri ya Dunga, yaani ukoo wa Mwinyi Mkuu (cheo cha watawala wa kienyeji wa Unguja), walikuwa nani, na vitabu vingi vya skuli huanzia kwa Sayyid Said, Sultani wa Oman. Naomba mnifahamishe ukoo ule ulirithishana vipi utawala, na kwa nini ulitoweka bila ya kupinduliwa na mtu.

Mkaazi wa Unguja Ukuu
Wa alaykum salaam, mwalimu. Mwishoni mwa karne ya 17 aliyetawala alikuwa Malkia Fatuma, ambaye nyumba yake ilikuwa ufukweni mwa Mji, jirani na pale lilipojengwa baadaye jumba la masultani la Beit al-Ajaib. Kwa kuwa aliwaunga mkono Wareno, Waomani walipowashinda walimpeleka Maskati, kisha wakamrejesha. Na mwanawe Hassan, aliyemrithi, ndiye anayetajwa kuwa aliyeufyeka msitu wa ile rasi ya Shangani ili watu wakae. Tangu hapo ukoo ulibaki na cheo chake chini ya mkono wa Waomani. Sayyid Said alipohamia Unguja, Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed akawa anakusanya kodi kwa watu wa mashamba, sehemu kubwa ikienda kwa Sultani. Kasri ya Dunga aliijenga baina ya 1846 na 1856, yaani jumba la fahari lilisimama wakati madaraka yenyewe yameshapungua sana, na jambo hilo naona ndilo la kuwasomesha watoto.

Mzee wa Makunduchi
Ndugu yangu kasema kweli, ila tusiyadogoshe madaraka yale. Wahadimu, wenyeji wa kusini na kati ya Unguja, waliendelea kumtii Mwinyi Mkuu kupitia masheha wao, yaani wakuu wa vijiji, na siwa (pembe kubwa ya kupuliza) na ngoma zake zilizonakshiwa hazikuwa mapambo, kwani ndizo zilizotangaza kuwa huyu ndiye mtawala halali. Muhammad alifariki 1865, akafuata mwanawe Ahmed, naye akafariki 1873 bila ya mrithi wa kiume. Sayyid Barghash, Sultani wa wakati ule, hakumtawaza mwengine. Masheha wakawa chini ya Sultani moja kwa moja, na vile vyombo vya enzi vikaishia makumbusho.

Mtumbatu
Mwalimu, naomba uwaeleze pia kwamba Mwinyi Mkuu hakuwa mtawala wa visiwa vyote. Tumbatu tulikuwa na watawala wetu na Pemba ilikuwa na madiwani wake, yaani watawala wa kienyeji, nao wana nasaba zao zinazostahiki kusomeshwa.