Yule wa ghorofa ya nne anambie, kwani nilipanda kwa mabawa?

Naandika mkono bado watetemeka. Nyote mwamjua, yule karani mwenye mhuri, kikombe cha chai hakimtoki mkononi. Leo nimepeleka fomu ya kuomba nyumba ya chini, mlango mpana upite kiti cha magurudumu na vyuma vya kushikilia chooni, basi. Mguu wangu wa kulia niliuacha Kismayu, Somalia, 2012, iko kwenye barua ya jeshi na ya daktari pia. Sasa fomu ya watu wasioweza ngazi yapokelewa wapi? GHOROFA YA NNE!! Lifti ilikufa enzi za Mreno, mle ndani waeka ndoo na mifagio. Nikapanda na magongo, ngazi moja moja, jasho limejaa kwenye mguu wa bandia mpaka wateleza, nafika juu ananiangalia toka utosini mpaka kiatuni aniambia, "Mzee, si umepanda mwenyewe? Nyumba ya chini ya nini tena?"

SI UMEPANDA MWENYEWE. Wallahi. Na mhuri akaufunika na gazeti. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 54 chasema mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali pote, yeye asema si nimepanda. Ningebaki chini angesema sikuja. Nimetoka pale hata honi za matatu sizisikii, nasikia hilo tu, si umepanda mwenyewe, si umepanda mwenyewe.

Mama Karai: Pole sana afande. Huyo huyo alimwambia mamangu, kipofu, asome tangazo ukutani.

Kijana wa Tudor: Yaani afande Al-Shabaab uliwaweza, karani mmoja akakushinda 😂😂

Mwenye uzi: Cheka tu. Siku utakapoambiwa si umepanda mwenyewe utanitafuta.

Bi Mtongwe: Nyie mwalilia nyumba, njooni ule mteremko wa feri Likoni maji yakikupwa, kiti changu chajiendea chenyewe mpaka wapita njia wakidake.

Kijana wa Tudor: Feri afadhali. Huku mfereji watoa upepo mtupu, twanunua maji ya mitungi, ya mkokoteni.

Mama Karai: Mtungi ngapi huko? Hapa Bombolulu washapandisha tena hawa.

Kijana wa Tudor: Hamsini. Na yana chumvi.