Mjadala: Mwenye handikapu 22 kumshinda mwenye 4, ni haki?

Kila mashindano ya gofu yakiisha malalamiko ni yale yale: huyu kapiga mikwaju 75, yule 90, na kombe limekwenda kwa wa 90. Hesabu yenyewe ni hii: 75 toa handikapu 4 (mikwaju anayopunguziwa mchezaji kulingana na uwezo wake) ni 71, 90 toa 22 ni 68, na mwenye michache ndiye mshindi. Wapo wanaouita wizi, wakitaka zawadi kuu iwe ya grosi tu, yaani mikwaju bila kutoa handikapu. Mimi napinga.

Tangu 2020, mfumo wa dunia wa vyombo viwili vinavyosimamia kanuni za gofu, USGA na R&A unaangalia raundi zako 20 za mwisho, unachukua 8 bora na kutafuta wastani. Kwa hiyo handikapu inapima uwezo wako siku mchezo umekukubali, na raundi nyingi utacheza juu yake. Ugumu wa uwanja nao umo: mwenye indeksi (handikapu kabla ya kurekebishwa kwa uwanja) 18.0 kwenye slopu (kipimo cha jinsi uwanja unavyomlemea mchezaji wa kawaida kuliko bingwa) 130 anazidisha 18 kwa 130, anagawa kwa 113 ambayo ndiyo slopu ya msingi, anapata karibu 21. Anaongezewa mitatu kwa sababu uwanja mgumu humtesa yeye kuliko bingwa.

Eti handikapu kubwa inapendelewa? Wawili wakipambana ana kwa ana, nafuu kidogo anayo yule wa mchezo thabiti, maana 8 bora za anayeyumba ziko mbali na kawaida yake. Nakubali kwamba wakiingia watu mia, miongoni mwa wenye handikapu kubwa hakosi mmoja aliyeamkia upande mzuri. Basi tugawe madaraja. Tukifuta neti, yaani hesabu baada ya kutoa handikapu, majina yale yale yatabeba makombe mwaka mzima na wengine watalipa kiingilio ili wasindikize.

Wizi ninaoutambua mimi uko kwenye kadi ya matokeo. Mtu yuko shimo la 16, mpira uko futi mbili na tundu, raundi imemnyookea kupita kiasi. Anaukosa. Anaukosa tena, makusudi, indeksi isishuke. Kanuni zinambana kiasi: kwenye hesabu ya handikapu, shimo halihesabiwi zaidi ya pa (mikwaju iliyowekewa shimo hilo), jumlisha 2, jumlisha mikwaju ambayo handikapu yake inampa hapo. Kwenye pa 4 anapopewa mkwaju mmoja, mwisho ni 7 hata akipiga 11. Indeksi nayo haiwezi kupanda zaidi ya 5 juu ya ile ya chini kabisa aliyoifikia ndani ya mwaka. Lakini kadi nzuri iliyobaki mfukoni hakuna fomula inayoiona. Hiyo ni kazi ya kamati, na ya wenzake waliocheza naye wakanyamaza.

Pendekezo langu: asiyerudisha kadi zake zote asishindanie neti, hata kama ni mwanachama wa siku nyingi. Na wanaotaka grosi tu wanijibu: mwenye 22 ambaye kadi zake zote zipo, akicheza vizuri siku ya mashindano, kosa lake ni lipi?