Mikono hutetemeka ninapofunga mshipa

Swali: Shikamoni wakubwa zangu. Nimo mwaka wa kwanza wa mafunzo ya upasuaji, na juzi, nilipokuwa nikifunga mshipa uliovuja damu, mikono ilitetemeka hadi daktari bingwa akanipokea kazi. Ninyi mlijifunzaje utulivu?

Jibu: Marahaba. Kila usiku nilifunga mafundo ya uzi kwenye mguu wa kiti, kwa mkono mmoja, hadi vidole vikazoea; lakini usione haya kumwita bingwa mapema, kwani anayeumia kwa ukimya wetu ni mgonjwa.

Jibu: Naafiki. Soma kwa sauti orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008, yenye vipengele 19, hata wenzako wakiwa na haraka. Niliwahi kusita kusema kwamba kitambaa kimoja cha kufyonza damu kimepungua kwenye hesabu. Tulikipata kabla ya kushona, ila usiku ule sikulala.