Eti "kwani uliiamini?" Nyie wauza haibridi Mungu anawaona

Mtu wa Kibamba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu nitatoa kesho. Nimetoka kwake sasa hivi, nimeegesha pembeni ya barabara maana mikono inatetemeka na sitaki kugonga bajaji ya mtu asiye na hatia.

Mnamjua. Yule mwenye yadi iliyojaa vibendera kama kesho tunapiga kura. Yule anayejirekodi kila asubuhi amekalia boneti, "chuma hiki hakinywi, kinanusa". Simtaji. Nikimtaja atakuja na wakili na mimi hela yote nimeacha sheli.

Miezi mitatu iliyopita aliniuzia kale kagari ka haibridi, ka petroli na betri, kale ambako ukikawasha hakalii, kanakutazama tu. Kwenye kioo cha mbele ameweka karatasi ya plastiki, maandishi mekundu makubwa kama ya duka la dawa: KILOMITA 35 KWA LITA. Akaigonga kwa kidole, ko ko ko. "Kaka, hiyo namba si yangu. Hiyo wamepima Wajapani wenyewe."

Mimi nani nibishane na Wajapani? Nikauza IST yangu, nikaongezea na hela ya bati za nyumba. Tenki lita 36. Nikapiga hesabu ya darasa la nne, 36 mara 35 ni 1,260. Dar mpaka Mwanza haifiki 1,200. Nikampigia mama mkwe palepale yadini: mama, Desemba tunakuja Mwanza kwa tenki moja. Mama mkwe akatangaza mtaa mzima. Mpaka kanisani wanajua.

Sasa wiki iliyopita nikafanya kipimo. Nikajaza mpaka pampu ikakata yenyewe, nikarudisha kilomita sifuri, nikawa naenda kazini Posta na kurudi Kibamba kila siku kama kawaida yangu. Kilomita 412. Nikarudi sheli ileile, pampu ileile, kijana yuleyule. Zimeingia lita 30.6. Gawanyeni wenyewe. Kumi na tatu na nusu! IST niliyoiuza ilikuwa inanipa kumi na mbili bila kujiita haibridi!

Kwa hesabu hiyo, safari ya Mwanza kagari kanazima Dodoma. Mama mkwe atakuja kunichukua Dodoma?

Leo nikamfuata na risiti zangu mkononi. Nimemkuta chini ya mwembe anakula chipsi mayai. Nikamwekea risiti mezani, nikamwekea hesabu. Akazisoma zote. Taratibu. Akachomoa kijiti mdomoni, akanitazama kwa huruma, tena huruma ya kweli wakuu, ile ya msibani, akasema:

"Kwani kaka, wewe uliiamini?"

KWANI. WEWE. ULIIAMINI.

Binti wa ofisini akacheka mpaka akaweka simu chini. Muosha magari akazima maji ili asikie vizuri. Yaani mtu kazima maji!

Angesema "pole" ningeondoka. Angesema "lete tuikague" ningeondoka. Angenitukana hata, ningejua nimetukanwa. Lakini "kwani uliiamini", kama vile mimi ndiye niliyeiandika ile karatasi usiku nikaja kuibandika. Na akarudisha kijiti mdomoni! Mazungumzo yameisha!

Naondoka ananisindikiza kwa sauti, "na mguu wako mzito, kaka." Mguu gani? Kimara asubuhi mguu wangu wa kulia umesahau kazi yake, ni breki tu kuanzia Mbezi mpaka Ubungo.

Kwani uliiamini. Nyie, leo silali.

Kijiwe Nongwa

Kwani mkuu uliiamini?

Mtu wa Kibamba

Nilijua tu wa kwanza atakuwa wewe.

Shangazi Mpole

Mimi nimekwama kwa mama mkwe. Mwanaume mzima unampigia mama mkwe kumpa taarifa za matumizi ya mafuta? Ulitaka akupe nini, cheti?

Bajaji Number 7

Nasoma huku niko foleni ya gesi. Nyie wa petroli mnalia nini, mnaingia sheli dakika tano mmetoka. Mimi ni wa 41 hapa.

Fundi Nyuma ya Siti

Mkuu pole. Haya magari ndiyo yananilisha, ngoja nikuambie bila kukucheka (nimeshacheka, nimemaliza).

Hiyo 35 si uongo, ila si yako. Gari linapandishwa juu ya marola ndani ya maabara, linakimbia kama panya kwenye gurudumu. Kipimo chenyewe kinaitwa JC08: kilomita 8 tu, dakika 20, wastani wa spidi 24, na halivuki 82. AC imezimwa. Dereva anafuata mstari kwenye skrini, hakuna daladala ya kumchomekea. Kabla ya hapo walikuwa na kipimo cha 10-15, hakivuki hata 70, chenyewe kilikuwa kinatoa namba tamu zaidi. Wajapani wenyewe waliona aibu, tangu 2017 wakaanza kuweka namba za kipimo kipya, WLTC, ambazo ziko karibu kidogo na maisha ya binadamu.

Sasa wewe uko Kimara, jua la saa nane, AC namba ya mwisho. AC ya haibridi nyingi inakula umeme wa betri kubwa. Umesimama foleni, betri inashuka, injini inajiwasha yenyewe kuijaza. Unachoma petroli ukiwa umesimama.

Ila hata hivyo 13 ni ndogo mno. Kagari ka hivyo hapa Dar nategemea 18 mpaka 22. Nenda siti ya nyuma, pembeni chini kuna kitundu chenye vinyavu, huwa watu wanakiwekea begi au mtoto anakidumbukizia karanga. Hapo ndipo betri inavutia hewa ya kupoa. Jumamosi nilifungua moja, feni imevaa koti la vumbi nene kama sponji ya godoro, ndani yake manyoya ya mbwa. Meupe. Mteja wangu hajawahi kufuga mbwa. Huyo mbwa yuko Japani, manyoya yamelipiwa ushuru bandarini. Betri ikichemka kompyuta inaacha kuitumia, injini inabeba mzigo wote. Na matairi je? Ulifunga ya mtumba?

Mtu wa Kibamba

Yalikuja na vipara, yeye ndiye aliyenifungia mengine. Ya mtumba.

Fundi nimekuelewa, na nitafungua hapo nyuma kesho. Lakini si alijua yote hayo? Angeniambia hivi wewe ulivyoniambia ningenunua hivyohivyo! Yeye anachomoa kijiti, "kwani uliiamini".

Kijiwe Nongwa

Kijiti kimemuuma kuliko petroli.

Mpwani wa Unguja

Mie yangu ni hiyohiyo, huenda Paje na kurudi mjini, kilomita mia na ushei, inanipa 24 na AC nawasha. Tatizo lenu bara ni foleni.

Fundi Nyuma ya Siti

Hapana ndugu yangu, foleni inayosogea haibridi inaipenda, ya kusimama na AC ndiyo inayoiua. Kila ukikanyaga breki mota inarudisha umeme kwenye betri. Yako inakwenda vizuri kwa sababu kisiwa ni tambarare na hukimbii. Mpe mtu wa Kitonga hiyo gari uone. Mlima mrefu betri ikikauka unabaki na kiinjini kidogo kinabeba na betri lenyewe kama mzigo.

Mpwani wa Unguja

Sawa fundi. Lakini foleni hatuna na bado tunafika.

Mbongo Ohio

Mkuu wa Kibamba, ungekuwa huku Marekani ungepata hela. Ford walitangaza C-Max haibridi maili 47 kwa galoni, watu wakapima wakakuta haifiki. 2013 wakaishusha mpaka 43, wakawatumia wanunuzi dola 550 kila mmoja. Mwaka uliofuata wakaishusha tena, 40. Na huku stika ya gari jipya tangu modeli za 2008 inahesabu AC, spidi kubwa na baridi.

Shangazi Mpole

Dola 550 wakati mwenzio kapewa kijiti.

Mtu wa Kibamba

Hicho kijiti hajanipa, amekirudisha mdomoni. Ndiyo iliyoniuma.

Mkenya Mpita Njia

Boss, at least nyinyi gari ndiyo imewadanganya. Huku ikifika tarehe 14 hatulali, tunangoja EPRA, wapanga bei za mafuta, watangaze bei kama matokeo ya mtihani wa KCSE. Mimi niliuza haibridi nikarudi kwa Probox. Probox haijawahi kuniahidi kitu.

Mzee wa Dashibodi

Mleta uzi hajui kuendesha haibridi. Yangu dashibodi inaniandikia 26 kila siku. Unaiachia mapema, unaacha itambae, usikanyage kama unaua mende.

Fundi Nyuma ya Siti

Mzee, ulishapima kwa kujaza ful tenki mara mbili?

Mzee wa Dashibodi

Kwa nini nipime wakati imeandikwa?

Kijiwe Nongwa

Kwani mzee uliiamini?

Shangazi Mpole

Hahahaha uzi umepata mwenyewe.

Mtu wa Kibamba

Yangu dashibodi ilikuwa inasema 17 siku hiyohiyo pampu inasema 13 na nusu. Mpaka gari lenyewe linanidanganya, limelelewa kwenye ile yadi.

Tegeta Kibaoni

Mnasahau upande wa sheli. Nani kakuambia hizo lita 30.6 ni lita? Kuna moja huku kwetu ukisema elfu ishirini pampu inakimbia kama imeona simba, ukiangalia geji haijatikisika. Nilienda na dumu la lita tano, lile la mafuta ya kula, nikasema nijazie tano. Limebaki vidole viwili. Kijana ananiambia "dumu lako limevimba".

Shangazi Mpole

Dumu limevimba!

Tegeta Kibaoni

Dada nakuapia. Nikamuuliza limevimba kwa furaha au kwa ugonjwa?

Bajaji Number 7

Na ndiyo maana sisi tulihamia gesi. Ila sasa hivi ni wa 40. Saa nzima nimesogea mtu mmoja.

Mkenya Mpita Njia

Dumu kuvimba hata huku iko.

Mtu wa Kibamba

Jamani turudi kwenye mada. Mtu anakuuzia gari kwa namba aliyoibandika mwenyewe, ukimrudia anakuuliza kama uliiamini. Mnaona hii ni sawa?

Tegeta Kibaoni

Tunarudi mkuu. Basi nikaenda na dumu lingine, jipya, la dukani, bado lina harufu...

Dada wa Bando

Mnaongelea lita? Mimi nimenunua bando la GB 1 saa mbili asubuhi, nimefungua picha mbili za mtoto wa dada yangu, saa nne ujumbe "umetumia asilimia 75". Picha mbili! Yule mtoto ana uzito gani?

Kijiwe Nongwa

Bando lako nalo limevimba.

Mpwani wa Unguja

La kwangu huisha nimelala.

Dada wa Bando

Si ndiyo hapo! Nalala data nimezima, naamka hazipo. Nani anaperuzi usiku kwa simu yangu?

Shangazi Mpole

Mbwa wa Japani.

Fundi Nyuma ya Siti

Mtu wa Kibamba, kesho ukifungua pale nyuma usitumie maji. Brashi laini na upepo tu. Kuna mmoja alipiga maji ya presha akaja kwangu analia.

Mtu wa Kibamba

Sawa fundi, asante. Wewe peke yako. Nimefika nyumbani sasa. Mke wangu kanipigia, binti wa ile ofisi ni shoga yake wa saluni, ameshamsimulia. Kafungua mlango, hajaniuliza hata nimekula. Anacheka tu.

Shangazi Mpole

Amesema nini?

Mtu wa Kibamba

Unajua amesema nini.

Dada wa Bando

Kuna anayejua bando la usiku linaanza saa ngapi?

Tegeta Kibaoni

Saa sita. Basi lile dumu jipya...

Bajaji Number 7

Wa 38. Kuna Noah imechomekea.