Gari la kukaa nalo porini, Land Cruiser mkonga au Prado?

Wakuu, nahamia Loliondo kikazi, gereji ya maana iko mbali, nataka gari ambayo ikizingua hata fundi wa kijijini anaiamsha. Nichukue ipi?

— Mkonga wa injini ya 1HZ mkuu, silinda sita lita 4.2, haina turbo, pampu ya dizeli ni ya kimakenika, betri ikichoka mnasukuma inawaka. Ila mbio sahau, mlimani utapitwa hadi na Noah 😂

— Timing belt (mkanda wa injini) usisubiri ikatike, kila kilomita laki moja badilisha. Rimu weka za chuma, ikipinda inagongwa nyundo inarudi, na beba filta za dizeli maana dizeli ya kwenye madumu ina maji balaa.

— Asanteni, na bei je?

— Hapo ndo utalia.